Amri Tuliyoiweka Akiba

Vijana wa banda la farasi, mliniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi kabla sijasahau. Kama mlitaka habari za vyeo, mmebisha mlango usio wenyewe. Niliingia Kikosi cha Akiba cha Wapanda Farasi nikiwa fundi matandiko na nimetoka nikiwa fundi matandiko. Katikati hapo macho yalianza kudai miwani na vidole vikapinda kufuata sindano. Ya vyeo waulizeni wenye vyeo, wana nafasi ya kutosha.

Mimi ni mtoto wa mjini Kisii. Baba alikuwa fundi viatu karibu na msikiti, na mikono yangu ilijua ngozi kabla haijajua kalamu. Kazi ya kikosi niliipata kwa sababu ya Jumamosi. Wakati ule nusu ya askari walikuwa Wasabato na nusu Wakatoliki, kwa hiyo Jumamosi hawa hawashiki kitu na Jumapili wale wako misani. Yule bwana wa kuandika watu hakutaka kuona mshono wangu wala vyeti. Aliniuliza tu, "Wewe Jumamosi unaendanga wapi?" Nikamjibu siendi popote. Akaniambia nianze kesho. Ijumaa hakuiuliza, na mimi sikumkumbusha.

Basi nikapanda mlima hadi kambini, pale juu ya Marani mnapopajua, nikiwa na mfuko wa vifaa vya baba begani. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa Sajenti Obadia, mwenye kikosi kwa maana ya kwamba makapteni walikuja na kuondoka lakini yeye alikuwapo tu. Alikuwa mrefu, mkimya, mzee wa kanisa la Wasabato pale bondeni, na aliwasalimia farasi kabla ya kuwasalimia watu. Nilipomtajia jina langu alinitazama, akautazama mfuko wangu, akasema, "Karibu, Zaina. Hapa sisi tunangoja."

Nilimuuliza tunangoja nini. Akanipa historia ya kikosi, na mimi nawapa kama nilivyopewa. Zamani za mkoloni alikuja huku ofisa mmoja Mzungu juu ya farasi. Farasi akachoka kwenye mlima wa tatu, ofisa akalala chini ya mti, na alipoamka alikuwa amekata kauli kwamba vilima hivi haviwezi kutawaliwa bila wapanda farasi. Mtu mwingine yeyote angeona kinyume. Kikaundwa kikosi kikuu huko nyanda za chini, na sisi tukawekwa huku juu tuwe akiba yao. Wao wakizidiwa, sisi tutoke.

"Na hao kikosi kikuu wako wapi sasa?" niliuliza.

"Walivunjwa kabla ya uhuru," akasema Sajenti, akiendelea kumsugua farasi mgongo. "Yule wa kutuletea hiyo habari alipewa uhamisho njiani."

"Kwa hiyo sisi ni akiba ya nani?"

Akasimama na brashi mkononi. Akaniambia kwa upole kwamba swali hilo ni zuri sana, na kwamba nisimuulize mtu mwingine.

Jumatatu yake nikaona zoezi la utayari. Askari walipanda farasi, wakapanga mstari, na Sajenti akasimama mbele. Amri ya kikosi chetu ni maneno mawili tu: "Akiba, toka." Farasi wakasimamisha masikio. Sajenti akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Tuseme nimesema." Farasi wote wakaondoka kwa pamoja, vizuri sana, hadi kwenye lango na kurudi.

Nilidhani amesahau maneno. Lakini Jumatatu iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya baada yake. Mwishowe nikauliza. Sajenti akanieleza kwamba amri yenyewe ni ya siku ya hatari ya kweli. Ukiitumia ovyo ovyo kwenye mazoezi itachakaa, na siku ya haja utaikuta haina nguvu. Yeye alifundishwa na sajenti aliyemtangulia, naye na wake, na tangu Mzungu yule aondoke hakuna aliyewahi kuitamka mbele ya farasi. Akina mama wanaochuma chai mlima wa pili walikuwa wakituona kila Jumatatu tukienda langoni na kurudi, na walikuwa wakituonea huruma ya kweli.

Sasa nizungumze kidogo juu ya ushonaji, kwa kuwa najua mmoja wenu ameanza kutumia gundi na anadhani sijui. Hatamu hushonwa kwa uzi mmoja na sindano mbili. Toboa tundu kwa msharasi, pitisha sindano ya kulia, pitisha ya kushoto kwenye tundu lile lile, vuta zote mbili sawasawa. Hivyo uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika. Uzi uupake nta mpaka ulie ukiuvuta. Mvua yetu ya kila alasiri inaoza ngozi, kwa hiyo hatamu zote zifumuliwe, zikaushwe, zishonwe upya, na siku ya kufanya hivyo ni moja tu, Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayezitumia. Kila Jumamosi ya maisha yangu ya kazi meza yangu ilikuwa imejaa vipande vya ngozi, na kambi nzima haikuwa na hatamu hata moja.

Na farasi wenyewe hawakuzihitaji. Sajenti Obadia alikuwa akiwavua kila kitu Ijumaa jua likizama. Asubuhi yake alikwenda kanisani kwa miguu na farasi wakamfuata bila kufungwa, maana akiwaacha wanavunja ua na kula migomba ya jirani. Walisimama nje ya dirisha la kanisa mpaka ibada iishe. Jioni jua likizama aliwapa chumvi kiganjani, mmoja mmoja, na Sabato ikawa imekwisha. Watoto wa farasi walizaliwa, wakakua wakiona mama zao wakifanya hivyo. Ukimwekea farasi wetu tandiko siku ya Jumamosi analala chini. Sitii chumvi. Kuna kapteni mmoja Mkatoliki alijaribu, akabaki amesimama huku farasi yuko chini katikati ya miguu yake.

Kiongozi wao alikuwa jike mwekundu aitwaye Kwamboka. Jina hilo huku hupewa msichana aliyezaliwa mama yake akiwa safarini amevuka mto, na yeye kweli alizaliwa mama yake alipokuwa akivushwa Gucha. Kwamboka alikuwa na tabia ya kuweka kidevu begani kwangu nikishona na kupumua. Nilimgombeza kila siku. Nilimpenda kuliko watu wengi ninaowajua, na sioni haya kuliandika.

Sajenti Obadia akastaafu, akateremka bondeni kwa kanisa lake na migomba yake, na kila Jumamosi farasi waliteremka wenyewe kumfuata. Akaja kapteni mpya ambaye nywele za farasi zilimfanya apige chafya. Aliongoza kikosi kutoka dirishani. Alikuwa mtu mwema, na huyo ndiye aliyepokea simu kwamba Mkaguzi anakuja kutoka Nairobi, anakuja na lori, na anakuja Jumamosi, maana siku nyingine ana vikosi vya maana.

Lori ndilo lililotuvunja moyo. Mkaguzi alisema waziwazi: farasi wakitoka vizuri, kikosi kinabaki. Wasipotoka, wanapakiwa siku hiyo hiyo na kupelekwa kichinjioni. Kapteni alimwomba abadilishe siku. Mkaguzi akauliza adui naye ataombwa abadilishe siku?

Jumamosi ile Kapteni alifunga lango kwa mnyororo ili farasi wasiende kanisani. Mkaguzi alifika akiwa na viatu vinavyong'aa na mwavuli. Kabla ya kukaa alimuuliza Kapteni, "Nyinyi ni akiba ya nani?" Kapteni akapiga chafya mfululizo, na sijui mpaka leo kama zote zilikuwa za kweli.

Askari Wakatoliki wakaleta matandiko. Kule bondeni kanisa likaanza kuimba. Farasi wakageuka wote kuelekea sauti, wakampa Mkaguzi makalio, na tandiko la kwanza lilipomgusa Kwamboka akajilaza taratibu kama bibi anayekaa kwenye mkeka. Wenzake wakafuata. Mkaguzi alitembea kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, akiwatazama farasi wazima wakilala mchana kweupe.

"Wagonjwa?" akauliza.

"Hapana, afande," akasema Kapteni. "Ni Wasabato."

Mkaguzi akafunga mwavuli. Akasema amekagua vikosi maisha yake yote na hajawahi kuambiwa neno kama hilo. Wapakiwe.

Lakini farasi hapakiwi kwa maneno, anapakiwa kwa hatamu. Wakazitafuta hatamu kambi nzima, na mwisho wakafika mlangoni kwangu, Mkaguzi mbele. Mimi nilikuwa mezani na vipande vyote vimenizunguka, mikanda huku, pete kule, nyuzi kuukuu sakafuni.

"Mama, wewe ndiye peke yako unafanya kazi leo?"

"Ndiyo, bwana. Mimi Jumamosi yangu ni siku ya kawaida."

"Vizuri. Shona hizo hatamu zote. Ukimaliza tunapakia."

Nilitamani siku hiyo niwe na dini yoyote inayokataza sindano. Lakini uongo juu ya dini siusemi, na kugoma kungempa tu sababu ya kuita fundi mwingine kutoka mjini. Kwa hiyo nilishika uzi nikaupaka nta. Nikaupaka tena. Nilishona siku ile kwa namna baba alivyonifundisha nikiwa mdogo na ambayo kazini sikuwahi kupata nafasi ya kuitumia, tundu dogo dogo karibu karibu, kila mshono nikiukagua pande zote kama nanunua dhahabu. Mkaguzi alirudi mara kadhaa kunitazama. Kila mara nilimwonyesha kazi, na hakuweza kusema ni mbaya. Machozi yalikuwa yananitoka juu ya ngozi, nikamwambia ni nta.

Mvua ya alasiri ikaja. Mkaguzi akachoka kungoja, akaamuru lori lirudi nyuma hadi mlangoni mwa banda ili nikimaliza tu kazi iendelee. Akaingia kiti cha mbele na dereva wake, kijana wa Nyacheki ambaye kwa kweli alimwonya kuhusu udongo wetu. Mnaujua udongo ule mwekundu ukilowa. Lori lilirudi nyuma vizuri kabisa, halafu likaendelea kurudi nyuma bila kuombwa, likapita banda, likapita tangi la maji, likaenda kukwama ukingoni mwa mteremko wa chai, makalio yake yameegemea mkaratusi mmoja mwembamba. Mti ukalia. Dereva akafungua mlango ashuke, lori likacheza, akaufunga tena.

"Msishuke," Kapteni akapaza sauti dirishani. Ilikuwa amri yake nzuri kuliko zote.

Mkaguzi alipiga simu kutafuta trekta. Trekta lilikuwako, huko kiwandani Itumbe, ila mwenye funguo alikuwa kanisani huko kwao na simu ameizima mpaka jua lizame. Wakati huo ibada ya bondeni ilikuwa imekwisha, na watu waliposikia mngurumo walipanda mlima wote na mavazi yao meupe, Sajenti Obadia mbele na Biblia kwapani. Kapteni akawafungulia lango. Wazee wa kanisa wakasimama ukingoni wakatafakari. Kuvuta lori ni kazi, na jua bado lipo. Mmoja akasema maandiko yanaruhusu kumtoa ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Mwingine akakubali, akaongeza kwamba yanataja pia punda, ila mkaguzi hayakumtaja.

"Huyo ni mtu," akasema Sajenti Obadia. "Leteni kamba."

Hapo mjadala ukaisha. Wanaume wakafunga kamba kutoka lori hadi kwenye nguzo za banda, ikashikilia, lakini kulivuta hawakuweza. Walisukuma wakateleza, wakasukuma wakaanguka, na lile vazi jeupe mnajua linavyokuwa. Ilihitajika nguvu yenye kwato. Sajenti akawatazama farasi. Farasi wamelala. Akawaambia wazee kwamba watu wamekwisha kuelewa maandiko, lakini hawa bado, na hakuna wa kuwaeleza mpaka jua lizame.

Ndipo Mkaguzi akateremsha kioo taratibu, akapaza sauti yake kwa uangalifu mkubwa ili asitikise kitu. "Mama. Hatamu zimefika wapi?"

Enyi wanangu, sikuwahi kushona vile. Sindano ya kulia, sindano ya kushoto, vuta. Mikanda ile ile niliyokuwa nikiichelewesha ili farasi wasife, sasa naikimbiza ili watu wawili wasife. Yule dereva alikuwa mtoto wa mtu. Na Mkaguzi pia, nilijilazimisha kufikiri, alikuwa mtoto wa mtu. Mkaratusi ukalia tena. Kwamboka aliinuka akaja akaweka kidevu begani kwangu akapumua, na kwa mara ya kwanza sikumgombeza, sikuwa na pumzi ya ziada. Nilimfunga yeye hatamu ya mwisho mwanga ukiwa umebaki kidogo tu juu ya vilima vya Nyamira, naye akaenda kujilaza tena na wenzake.

Jua likazama. Sajenti Obadia akatoa chumvi mfukoni, akampa kila farasi kiganjani, mmoja mmoja, wala hakuharakisha. Wakainuka wote wakajikung'uta. Askari wakawafunga mikanda ya kuvutia, wakaiunga na lori, wakapanga mstari kwenye matope. Sote tulijua. Hii haikuwa Jumatatu. Hii ilikuwa siku yenyewe.

Kapteni angeweza kutoa amri, alikuwa na haki hiyo. Alishusha mkono wake kutoka puani, akasema, "Sajenti, tafadhali."

Mzee wa watu akasimama mbele na suti ya kanisani iliyojaa udongo. Alikuwa ameyatunza maneno yale tangu ujana wake. Akavuta pumzi, akapaza sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote.

"Akiba, toka."

Ikasikika hadi mlima wa pili, ikarudi. Farasi hawakutikisa hata sikio. Walimtazama tu kwa heshima, kama wanafunzi wanaoulizwa jambo ambalo mwalimu hakufundisha. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulisikia neno lile tangu kuzaliwa kwake.

Sajenti akarudia, na sauti ikapasuka katikati. Hakuna kitu. Mkaratusi ukatoa mlio mrefu, na ndani ya lori nikasikia Mkaguzi akianza kusali. Sajenti akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepotea sokoni. Moyo ukaniuma. Nikamsogelea nikamshika mkono.

"Sajenti," nikamwambia, "waambie unachowaambiaga."

Akawageukia farasi. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Tuseme nimesema."

Kwamboka akatia kifua kwenye mkanda. Wote wakaondoka kwa pamoja, mstari mmoja, vizuri sana, na lori likatoka matopeni nyuma yao likapita tangi, likapita banda, na hawakusimama mpaka langoni, kwa kuwa ndivyo zoezi lilivyo. Hakuna mshono hata mmoja uliofumuka. Hatamu zile ndizo mnazotumia mpaka leo, na kila nilipozishona upya nilifuata matundu yale yale, kwa hiyo nusu ya kila moja ina mshono wa madaha na nusu ina mshono wa hofu, na ukizitazama vizuri utaona mahali inapokutana.

Mkaguzi alishuka langoni, akashika nguzo. Alimtazama Kwamboka kwa muda mrefu, na Kwamboka akamwekea kidevu begani. Lile swali lake la asubuhi hakulirudia. Aliondoka na lori tupu, na tangu hapo hatujasikia neno lolote kutoka Nairobi, kwa hiyo bado tupo.

Watu walipokwenda kunywa chai kwa Kapteni, nilimkuta Sajenti Obadia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, peke yake. Niliogopa kwamba amevunjika moyo. Nikakaa karibu naye nikamwambia pole, nikamwambia amri ilikuwa nzuri, tena aliisema vizuri mno.

"Haikufanya kazi, Zaina," akasema.

"Haikufanya, Sajenti."

Akafikiri. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe mzee anacheka, na mimi ndiye niliyekuwa nikilia. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye chumvi akayaumiza.

"Basi kama haikufanya kazi," akasema, "haijatumika. Irudishe akiba."